Amelala, Njooni Keshokutwa

Sanduku langu bado liko kwenye kona ya chumba, zipu imefungwa, na leo ni siku ya nne tangu nirudi. Chumba kinanuka rangi mbichi. Miaka 11 sijakanyaga nyumba hii. Nilijua nikifika nitalia, nitacheka, nitakumbatiwa mpaka mbavu ziume. Sikujua kuwa nitatamani kujificha.

Sehemu ya kosa ni yangu. Nilipanga safari iangukie katikati ya sikukuu za mwisho wa mwaka, nikijiambia ndugu wote watakuwepo, nitawaona kwa mkupuo mmoja. Kweli walikuwepo. Jioni ya kwanza nilihesabu jozi za viatu mlangoni, nilipofika 31 nikaacha. Kila jozi ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana neno lake: mbona umekonda, mbona umenenepa (yote mawili nimeambiwa usiku mmoja), umetuletea nini, unaondoka lini. Hilo la mwisho lilinichoma. Sijavua hata koti, naulizwa siku ya kuondoka.

Mtu aliyetoka mbali anadhaniwa mfuko wake hauna kitako. Nami sikumsahihisha mtu. Nilitabasamu, nikaahidi huku na kule, na hakuna aliyejua kwamba sehemu ya nauli nimeikopa.

Usingizi nao ukanigomea. Tofauti ya saa 8, tena nimesafiri kuelekea mashariki, upande ulio mgumu zaidi kwa mwili. Saa ya ndani ya binadamu kwa kawaida ina mzunguko unaozidi kidogo saa 24, kwa hiyo kuchelewa kulala inaona nafuu kuliko kuwahi. Na huwa inajirekebisha kwa wastani wa saa moja hivi kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: karibu sikukuu nzima. Saa tisa usiku macho makavu kama mchana, saa nne asubuhi kichwa kizito kama gunia lililoloa.

Asubuhi ya pili nikalala fofofo. Nilizinduliwa na sauti ya mama pale mlangoni. Wageni walikuwa wamefika, na mama yangu, ambaye utotoni mwangu hakuwahi kumrudisha mtu, alikuwa anasema bila haraka: "Amelala. Njooni keshokutwa." Mmoja akajaribu kubembeleza, wametoka mbali. "Mbali kuliko alikotoka yeye?" Kimya. Nikasikia viatu vinavaliwa upya. Nilijifunika shuka usoni, nikalia kama mtoto.

Mchana wake nikaenda kuosha vyombo na dada yangu, maana kukaa sebuleni kutazamwa kulinichosha zaidi. Akanikataza, mgeni haoshi. Nikamwambia mimi si mgeni, nikachukua sufuria kubwa kuliko zote, nikaanza kuisugua masizi. Ndiyo saa ya kwanza niliyopumzika tangu nishuke kwenye ndege, mikono ikiwa kwenye povu mpaka viwikoni.

Tukiwa hapo nikamsimulia orodha ambayo huwa naikumbuka nikilemewa. Mwaka 1967 madaktari wawili wa magonjwa ya akili nchini Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, waliorodhesha matukio 43 ya maisha na kuyapa alama kwa jinsi yanavyomtikisa mtu. Kufiwa na mume au mke ni 100. Lakini na mambo ya heri yamo pia: likizo 13, Krismasi 12. Kuhama makazi 20, usingizi kuvurugika 16, mikusanyiko ya familia kubadilika 15. Nikajumlisha yangu ya wiki hii: 76. Dada akaniangalia, sabuni inamdondoka. "Na kukopa ili upake rangi nyumba, ni alama ngapi?"

Sikuelewa. Ndipo akaniambia. Rangi ile ya chumbani ni ya deni. Viti vipya sebuleni, deni. Waliambizana kwamba nikikuta nyumba imechakaa nitawadharau. Na mimi nimekopa nisionekane nimeshindwa maisha! Nikamwambia la nauli. Tulicheka mpaka mama akaja kuchungulia, tukamweleza, naye hakucheka hata kidogo. Akavuta kigoda, akaketi. Niliona vifundo vya miguu yake vimevimba. Siku zote hizo nilikuwa nahesabu uchovu wangu tu.

Usiku ule tukakaa kikao, watu wa ndani pekee. Hakikuwa kitamu chote. Shangazi alinuna aliposikia watu wazima hawatapewa zawadi mwaka huu, na sidhani kama ameshanisamehe. Lakini ilikuwa ajabu jinsi wengi walivyokuwa wakisubiri mtu aseme kwanza. Hakuna kukopa kwa ajili ya sherehe. Wagonjwa na wazee watembelewe kabla ya wenye nguvu. Aliyechoka aseme nimechoka, asiulizwe kwa nini. Binamu yangu, ambaye hajawahi kukubaliana nami jambo lolote, alisema hayo ndiyo marehemu babu alikuwa akiyataka, ila sisi tulikumbuka karamu zake tu. Mimi nikafuta ahadi zangu, moja baada ya nyingine, mbele za wenyewe. Uso uliniwaka moto.

Dada akachana karatasi ya daftari, akagawa kazi: maji, kufagia, watoto, vyombo (jina langu, siku tatu mfululizo). Mama hakuwekwa popote. Tulikubaliana apumzike. Akaisoma ile karatasi kwa mbali, miwani ikiwa puani, akaomba kalamu. Chini kabisa, kwa mwandiko wake wa kulala upande, akaandika: mlango – mimi.