Nilidhani ni uchafu wa shingo

Karibu miaka 2 nilikuwa nikiisugua shingo yangu kwa dodoki na sabuni hadi inawasha. Kwa nyuma, chini ya nywele, ngozi iligeuka nyeusi, nene, ukiigusa ni kama mahameli. Kwapani vivyo hivyo. Mama mkwe akanishauri liwa. Nikajisinga wiki nzima, wapi.

Aliyenifumbua macho ni muuguzi mmoja hapa Lamu, siku nilipompeleka mtoto chanjo. Aliniinamisha kichwa, akatazama, kisha akauliza taratibu: "Dada, kwenu kuna mwenye sukari?"

Yupo. Mamangu alijidunga sindano hadi mwisho wake, na mguu mmoja alikatwa.

Nikamwambia nilipimwa kidoleni juzijuzi na sukari iko sawa. Akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukisikia: sukari inaweza kuwa sawa huku mwili unahangaika kuifikisha hapo. Insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango iingie kwenye misuli. Misuli na ini vikiwa vizito kuitikia, kongosho hutoa insulini zaidi na zaidi, miaka hata miaka, na kipimo hakioneshi kitu. Insulini hiyo iliyozidi ndiyo iliyokuwa ikiinenepesha ngozi yangu. Kongosho likielemewa, kisukari hicho. Na hata kabla ya hapo, presha na mafuta kwenye ini huweza kuanza, na moyo nao haumo salama.

Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3 kilitoka asilimia 6.2. Kuanzia 5.7 ni onyo; 6.5 ni kisukari chenyewe. Nililia njia nzima hadi Langoni.

Chai ndiyo iliyonishinda kuliko vyote. Vijiko 3 kwa kikombe, vikombe 4 kwa siku, tangu utotoni. Nilipunguza nusu kijiko kila wiki mpaka ulimi ukazoea. Mbaazi za nazi sikuziacha, ila mahamri yakawa moja badala ya manne. Kwenye shughuli niliambiwa najivuna kwa kukataa halwa, na maneno hayo yaliniuma kweli, maana walioyasema ni shangazi zangu.

Baada ya Alfajiri mimi na wifi yangu hutembea ufukweni kuelekea Shela. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari hata insulini ikiwa haisikilizwi, ndiyo maana silali tena baada ya chakula. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2002 ulionesha kwamba kupunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki kulipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Namba hiyo niliiandika ukutani jikoni.

Baada ya miezi 9 nimetoka kilo 86 hadi 79, na kipimo ni 5.6. Shingo imepungua weusi, haijesha.

Juzi nikimsuka binti yangu wa miaka 13, niliigeuza shingo yake kwenye mwanga wa dirisha. Nikaona kivuli kidogo. Jumatatu tunakwenda kupima.