Miaka kumi na miwili, na mkwaju haupo

Niliondoka Dodoma mwaka 2012, miezi miwili baada ya sensa. Nimo kwenye wale watu 410,956 waliohesabiwa mjini mwaka ule. Nimerudi Oktoba 2024, na sensa ya 2022 imetuhesabu 765,179. Nikiwa Hamburg, Ujerumani, hizo zilikuwa tarakimu za kwenye simu tu. Zimenielea niliposimama Ihumwa asubuhi ya pili, nikamuuliza mama, "Shamba letu lilianzia wapi?" naye akazunguka mara mbili kabla ya kunionyesha.

Nilipokuwa mdogo, kwenda Dar kwa treni kulikuwa ni kulala njiani, na mama alitufungia chapati na kuku kwenye kitambaa. Safari hii nimepanda treni ya umeme, na masaa manne hayajatimia nikawa nashuka stesheni ya Mkonze, vumbi la kiangazi likanipokea kabla ya ndugu zangu. Mama alinisalimu kwa Kigogo, "mbukwa", mlangoni, akanishika mikono yote miwili, akanyamaza muda mrefu. Usiku ule nilikula ugali wa uwele na mlenda wa kukausha mpaka akaniambia nipumzike, chakula hakikimbii.

Turudi shambani. Palikuwa na mtama, karanga, na mpakani mkwaju mkubwa. Wavunaji walipumzikia pale. Mimi mwenyewe nilipokuwa mchanga nililazwa pale kwenye kitenge, mama akiendelea na jembe. Leo ni viwanja vilivyopimwa, vyenye uzio na mageti, na Mji wa Serikali wa Mtumba uko jirani. Kwa hilo sina kinyongo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, na marehemu baba aliishi akiusubiri. Serikali ilipoanza kuhamia kweli mwaka 2016, na Dodoma kutangazwa jiji mwaka 2018, nililia peke yangu ugenini kwa sababu hakuyaona. Barabara za lami, taa, vijana wanaopata kazi bila kuhama kwao: haya tuliyaomba.

Kinachoniuma ni ule mkwaju. Mama anasema greda lilipita siku mbili, likasawazisha kila kitu, na mwenye kiwanja cha sasa hakuwahi kuuona. Amepanda miashoka ukutani, anaimwagilia kwa maji ya boza. Nimemwangalia kijana wake akibeba ndoo saa kumi na mbili asubuhi, nikamhurumia, maana anatafuta kivuli kilichokuwepo tayari, tena cha mti uliokuwa haumdai mtu hata kikombe.

Juzi nilipanda Mlima Simba kabla jua halijachomoza. Ukiwa juu ya yale mawe unaona jiji lote: mabati mapya, barabara nyeupe, na kati yake mabaka makubwa mekundu yasiyo na kitu. Upepo ukivuma, hayo mabaka ndiyo yanayoingia vifuani mwa watoto wetu.

Hamburg mti mkubwa ukiwa uani kwako huukati bila kibali, na miti ya barabarani imeandikwa kwenye daftari la jiji, mmoja mmoja. Kule mvua inanyesha mwaka mzima. Sisi tunapata kama milimita 550 hadi 600, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, halafu miezi mingine tunatazama mawingu yakipita. Ni sisi ambao tungepaswa kuwa wakali. Naomba kitu kinachowezekana: kiwanja kikipimwa, miti mikubwa iliyopo ichorwe kwenye ramani pamoja na mipaka, na kibali cha ujenzi kiseme ipi inabaki. Kiseme pia maji ya paa yataingia tenki gani. Na uani pasizibwe pote kwa pevingi, kwa sababu maji ya mji huu kwa sehemu kubwa yanachimbwa ardhini, Makutupora, na maji ya ardhini ni mvua iliyopata nafasi ya kuzama. Bibi alitusimulia kwamba jina la mji wetu limetoka kwenye Kigogo, idodomya, imezama: tembo alishuka kunywa maji, akazama topeni. Nimekuwa nikilifikiria sana jina hilo wiki hizi. Mama bado ana mapipa matatu nyuma ya nyumba kwa ajili ya siku za mgao.

Wiki ya tatu nilikwenda Mvumi kwa mjomba. Nililikumbuka shamba lake likiwa kipara, lenye korongo la kumeza ng'ombe. Nilikuta migunga na mikole imenipita kimo, mtama umevunwa katikati yake.

"Mjomba, miti hii umepanda lini?"

"Sijapanda, mpwa wangu. Ilikuwa chini hapa hapa. Kila mwaka nilikuwa nafyeka."

Njia hii wanaiita kisiki hai. Mti ukikatwa, mizizi inabaki na uhai, na machipukizi yanatoka mengi kama nywele. Mjomba anachagua mawili au matatu yaliyonyooka, mengine anayapogolea, anafunga kitambaa chekundu ili wachungaji wajue kwamba huu unatunzwa. Matawi yaliyokatwa shangazi anapikia. Hakununua mche, hakubeba maji. Alinipa panga nikajaribu, nikakata tawi lisilo lake, akanishika mkono akanionyesha tena, taratibu, kama alivyonifundisha kukamua ng'ombe nikiwa na miaka saba. Chini ya miti amechimba makinga maji, mitaro inayokatiza mteremko, udongo umerushwa upande wa juu.

Mvua ya kwanza imetukuta huko huko, mwanzoni mwa Desemba, usiku. Ilipiga kwa hasira robo saa hivi. Mjomba aliniamsha, tukatoka na tochi. Kule barabarani tulisikia maji yakikimbilia korongoni. Kwenye mitaro yake yalikuwa yamesimama, ya rangi ya chai ya maziwa, yamejaa majani na wadudu. Hatukusema kitu. Alfajiri nilirudi peke yangu kuangalia. Mtaro ulikuwa mtupu, nikaingiza mkono kwenye udongo mpaka kiwiko, na bado ulikuwa na ubaridi.