Siku moja na Coaster ya vitanda, Mtwara hadi Nangurukuru

Saa 10 alfajiri. Shangani, hapa Mtwara, bado kuna giza, nami nimeinama na geji ya upepo. Tairi hupimwa zikiwa baridi. Zikishatembea zinapata moto, upepo unapanda, na geji inakuambia uongo. Tairi iliyolegea hulifanya gari kuwa zito kama linavutwa kwenye matope, na uzito huo wote unalipwa kwa dizeli.

Gari lenyewe ni Coaster iliyong'olewa viti, ikawekwa vitanda vinne, jiko la gesi na tenki la maji la lita 150. Watoto wa vijijini wanaiita nyumba inayotembea. Tajiri wangu, mwenye gari, anaiita kilomita saba kwa lita, na ikishuka chini ya hapo mwizi ni mimi. Kwa watu wengi dereva wa dizeli ni mtu mwenye mpira wa kunyonya mafuta na dumu. Wapo wa aina hiyo, sikatai. Ila mafuta mengi yanayopotea barabarani hayaingii kwenye dumu la mtu yeyote.

Saa 11 nimejaza tenki la dizeli mpaka shingoni na kuandika kilomita kwenye daftari. Eakilina, chujio la hewa ya injini, niliipuliza jana, vumbi lilikuwa la kutosha kupanda mchicha. Maji nimetia lita 40 tu, maana lita moja ya maji ni kilo moja na Kilwa maji yapo. Sioni sababu ya kuyatembeza.

Tulipangana kuondoka saa 12. Wageni, familia ya kutoka Dar, wametokea karibu saa 1. Wana gunia la korosho, baiskeli mbili za watoto na kinyago cha mpingo kinachohitaji watu wawili kukinyanyua. Mpingo ukiutia majini unazama, mti gani huo! Nikashauri vizito vikae ndani, chini, katikati ya magurudumu.

"Weka juu, dereva. Ndani watoto watalala wapi?" akasema baba mwenye familia.

Vikapanda kwenye keria, baiskeli zimesimama wima kupambana na upepo. Bibi yao, mama mkwe wa huyo baba ninayemwita bosi, ndiye pekee aliyeniuliza kama nimekunywa chai. "Bado, bibi, shikamoo." "Marahaba, mjukuu wangu. Shika chapati hii."

Mikindani, Mingoyo, Lindi: kilomita 70 kwa saa, gia ya juu, mguu umetulia. Nikiona tuta mbele naachia mafuta mapema, sisubiri nifike ndiyo nikanyage breki, kwa sababu kila breki ni dizeli niliyokwisha kuichoma. Hakuna la kusimulia hapo, na ndivyo safari nzuri inavyotakiwa iwe.

Lindi tumefika saa 3. Bosi akasema dakika kumi, anamtafuta mtu wa kumuuzia pweza.

"Usizime. Watoto wamelala, acha kiyoyozi."

Nikamweleza kwamba kiyoyozi cha gari hili kinazungushwa na injini yenyewe, gari likisimama bado tunakunywa. Tuegeshe chini ya mwembe, tufungue madirisha ya pande zote mbili, upepo wa bahari unatosha. Akaniangalia. "Nimelipa, kaka." Basi. Dakika kumi zikawa saa nzima. Pweza akapatikana, mkewe akakumbuka ndimu. Ndimu zikapatikana, ikaonekana barafu haitoshi. Mimi nimekaa nyuma ya usukani, injini inanguruma, mshale wa kilomita umelala na wa mafuta unateremka. Hiyo ndiyo mashine mbaya kuliko zote, inayokula bila kwenda popote. Bibi alikuwa ameshatoka zamani, amekaa chini ya ule mwembe akijipepea na kanga. Tumeondoka saa 4 ikiwa imepita.

Sasa tumechelewa. "Kanyaga, dereva!" Gari hili uso wake ni ukuta, na juu lina baiskeli. Ukitoka 80 kwenda 100 mwendo umeongezeka kwa robo tu, lakini upepo unaokusukuma nyuma unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Hapo hata trafiki wa tochi ya kupima mwendo sijamtaja. Nikagoma kupita 80.

Kwenye vilima vya mbele ya Mchinga akaja na elimu yake: niweke fri, yaani nitoe gia kabisa, kwenye mteremko nibane mafuta. Kila mwanamume wa Dar ana rafiki aliyemwambia hivyo. Ukiteremka ndani ya gia, mguu umeuachia, magurudumu yanaizungusha injini na pampu inakata dizeli. Ukiweka fri, injini lazima inywe ili isizimike, halafu mzigo wote unabaki mikononi mwa breki. Nilimjibu, "Sawa, bosi," nikaacha gia palepale ilipo.

Mbwemkuru sikumbuki saa. Mgongo ulikuwa umeshakuwa ubao, watoto wanataka kukojoa, barafu inavuja sakafuni.

Nangurukuru, mchana umekwenda. Sheli, nikajaza tena mpaka shingoni, maana bila kujaza vilevile ulivyoanza hupimi, unakisia. Lita 43 kwa kama kilomita 260. Kilomita sita kwa lita; kwa saba zingetosha lita 37. Nikampigia tajiri kabla hajanipigia, maana bei anaijua: EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, na siku hiyo huwa ananisomea mpaka senti.

"Lita sita zangu ziko wapi?"

Nikamwambia: nyingine zimesimama Lindi, nyingine ziko kwenye keria. Akacheka, kisha akataka picha ya risiti, na ya daftari pia. Nikatuma zote.

Kabla ya kuondoka kwenda Kilwa Masoko nilimwita kijana wa sheli tukashusha kinyago na gunia, tukavisukuma chini ya kitanda cha nyuma. Bosi alikuwa chooni. Bibi alitushikia mlango.