Upasuaji, mionzi au kungoja: nilivyofikia uamuzi

Jibu la vinyama vilivyokatwa kwenye tezi dume yangu lilisema ni saratani, na alama ya ukali wake, inayoitwa Gleason, ni 3+4, jumla 7. PSA yangu, kipimo cha damu cha protini inayotoka kwenye tezi hiyo, ilikuwa 13. MRI, picha ya ndani ya mwili niliyokwenda kupiga Dar, ilionyesha saratani bado imo ndani ya tezi, haijatoboa ganda lake, na kipimo cha mifupa kilitoka safi. Nina miaka 64, nimestaafu bandarini hapa Tanga, moyo na figo havina tatizo.

Naanza na namba kwa sababu kila mwanaume aliyesikia kwamba "nina tezi dume" aliniuliza swali lile lile: umeshafanyiwa operesheni? Hakuna aliyeuliza tezi yenyewe ina nini. Iko tezi inayovimba kwa umri tu, ikabana mkojo, na haina saratani. Iko saratani inayokua polepole mno, mtu akazeeka nayo na kufa kwa jambo jingine. Iko iliyokwisha kutoka nje ya tezi na kuingia mifupani. Hawa wote mitaani tunawaita "wagonjwa wa tezi dume", na kila mmoja anapewa ushauri wa mwenzake.

Hizo namba za Gleason zinatokana na darubini. Mtaalamu anaangalia vile vinyama, anatoa alama kwa sura ya chembe iliyoenea zaidi, halafu kwa inayofuata. Kwangu nyingi ni za 3, zile za pole, na chache ni za 4, zenye ukali. Aliye na 4+3 naye jumla yake ni 7, lakini hali yake ni nzito kuliko yangu. Nilimwomba daktari anieleze hili mpaka nikalielewa, naye hakuchoka. Akaniambia, "Mzee wangu, hii si ya kukimbilia kesho asubuhi. Nenda ukae nayo, zungumza na mama, rudi na maswali yako." Namshukuru sana kwa maneno hayo. Kwa saratani iliyo ndani ya tezi kama yangu, wiki kadhaa za kufikiri haziharibu kitu.

Mwanangu mkubwa alitaka itolewe. Hoja yake ni nzito na nimeiandika kwenye daftari kama alivyoisema. Ukifanyiwa upasuaji, tezi yote inaondoka, na PSA inatakiwa ishuke mpaka karibu na sifuri, kwa hiyo unajua mapema kama kazi imekamilika. Ikirudi, bado mionzi ipo. Lakini ukianza na mionzi, upasuaji baadaye ni mgumu na una madhara zaidi, kwa sababu nyama zilizochomwa hushikamana na hazifungi kidonda vizuri. "Baba, anza na ile inayokuachia mlango," aliniambia. Angenisindikiza mwenyewe hospitali ya KCMC, Moshi, kunakofundishwa mabingwa wa mfumo wa mkojo.

Ndipo nikaenda kwa rafiki yangu wa bandarini ambaye alitolewa tezi miaka kadhaa iliyopita. Ni mzima, anatembea, PSA yake iko chini. Tulipobaki wawili barazani akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema mbele za watu: akikohoa au akinyanyua ndoo, mkojo unamtoka kidogo. Anavaa pedi. Hajutii, alisema, kwa kuwa yuko hai. Lakini amepunguza kwenda msikitini.

Hapo ndipo nilipojua hasa ninachopima. Mimi ni mtu wa msikitini. Imamu akisafiri nasalisha. Nikaenda kwa shehe wangu nikamuuliza wazi: mtu ambaye mkojo wake hauzuiliki, udhu wake ukoje? Akanijibu kwa utulivu. Mtu huyo ana udhuru. Wakati wa sala ukiingia anajisafisha, anajifunga kitu cha kuzuia, anatawadha, na anasali faradhi yake pale pale bila kuchelewa. Kinachomtoka baada ya hapo hakimdhuru. Kwa faradhi inayofuata anatawadha upya. Kuhusu kuwasalisha wengine, akasema, wanazuoni wametofautiana. Nilitoka pale nimepata nafuu kubwa. Nawaandikia Waislamu wenzangu hili kwa sababu najua wapo wanaoogopa tiba kwa ajili ya sala na hawana wa kumuuliza. Dini haimfungii mtu mlango wa hospitali.

Hata hivyo, kuruhusiwa ni jambo moja, na kutaka kuishi hivyo miaka 15 au 20 ni jambo jingine. Nikatafuta takwimu. Uingereza walifanya utafiti unaoitwa ProtecT: wanaume 1,643 wenye saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi waligawanywa kwa kura, baadhi wakapata upasuaji, baadhi mionzi, baadhi wakafuatiliwa tu kwa vipimo. Baada ya miaka 15 kwenye makundi yote matatu, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa karibu 3 katika kila 100. Tofauti ya vifo ilikuwa ndogo mno. Tofauti ilikuwa kwenye maisha. Miezi 6 baada ya upasuaji, 46 katika kila 100 walikuwa wanavaa pedi. Upande wa mionzi walikuwa 5. Miaka 6 baadaye, waliopasuliwa 17 walikuwa bado wanavaa, waliopigwa mionzi 4.

Nilizisoma namba hizo usiku, nikamwamsha mke wangu.

Tulikuwa hatujazungumza mambo ya unyumba, na hayo nayo yamo kwenye utafiti. Upasuaji unaathiri nguvu za kiume mara moja, maana mishipa ya fahamu imepita kandokando ya tezi, na daktari hata akijitahidi kuiokoa haiponi yote. Mionzi nayo inaziathiri, na sindano za kuzima homoni ya kiume zinazoambatana nayo huondoa hata hamu. Nilimwambia yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mume wangu, mimi nakutaka wewe uwepo. Lakini umefanya vizuri kunambia kabla, nisije nikadhani umenichoka." Tumeoana tangu tukiwa vijana na sikujua kwamba hilo lingekuwa ndilo la kwanza kumjia. Mwanaume unayesoma hapa, mwambie mkeo kabla ya tiba. Usimwache afikirie mwenyewe.

Kungoja bila tiba, yaani kufuatiliwa, nilikuwa nakutamani. Vipimo vya PSA kila baada ya miezi michache, MRI, vinyama tena baadaye, na tiba ianze tu ikionekana inakua. Kwa mwenye Gleason 6, yaani 3+3, na PSA ndogo hiyo ni njia ya heshima kabisa na watu wengi zaidi wangestahili kuambiwa kuwa ipo. Kwangu daktari hakuipenda: PSA imepita 10, na kuna zile chembe za 4. Tena kwenye ule utafiti waliofuatiliwa tu, saratani ilisambaa kwa 9 katika kila 100, karibu mara mbili ya wale waliotibiwa. Na kuna jambo lililonisumbua zaidi. Karibu washiriki wote walikuwa wazungu. Huko huko Uingereza, mwanaume mweusi 1 kati ya 4 hupata saratani hii maishani mwake, ilhali kwa wanaume wote kwa pamoja ni 1 kati ya 8. Sisi tumebebeshwa zaidi na tumehesabiwa kidogo. Sikuwa tayari kukaa nikingoja kwa kutegemea namba za watu ambao si mimi.

Walikuja na wa dawa za miti, kwa nia njema. Niliwashukuru.

Ikabaki mionzi. Zamani ilikuwa safari ndefu. Mandela alipogundulika na saratani hii mwaka 2001 alipigwa mionzi wiki 7. Sasa, baada ya utafiti mwingine wa Uingereza uliotolewa mwaka 2016, dozi kubwa kidogo kila siku kwa vikao 20 imeonekana kutosha, na hicho ndicho nilichopangiwa: wiki 4, Jumatatu hadi Ijumaa, hospitali ya saratani ya Ocean Road, lile jengo la Wajerumani la miaka ya 1890 linalotazama bahari. Dada yangu anakaa Dar na chumba ameshanitengea. Madhara yake nimeambiwa bila kufichwa: uchovu, mkojo wa kuwasha na wa haraka, tumbo kuvurugika, na baadaye pengine damu kwenye haja kubwa, ambayo kwa wengine hurudi mara kwa mara. Kila kikao kibofu kiwe kimejaa na utumbo uwe mtupu, ili tezi ikae pale pale mashine ilipopimiwa. Kwa hiyo hata maji ya kunywa nitapangiwa saa.

Kabla ya mionzi natakiwa sindano za homoni, jumla miezi 6. Saratani hii inakula homoni ya kiume. Ukiikata, inadhoofika na mionzi inaimaliza kirahisi zaidi. Aliyegundua uhusiano huo ni daktari Charles Huggins, mwaka 1941, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Wakati ule walikata korodani, zinazotengeneza homoni hiyo, na mpaka leo hapa kwetu wenye saratani iliyosambaa wengi hufanyiwa hivyo kwa sababu ni nafuu na ni mara moja tu. Mimi nachomwa chini ya ngozi ya tumbo kila mwezi. Nimeshaanza. Joto linanipanda kifuani ghafla, shati linalowa, halafu linapita. Kwa joto la Tanga ni mtihani kweli, lakini nafanya mazoezi ya kutembea kila alfajiri baada ya sala, maana nimeambiwa sindano hizi hudhoofisha mifupa na misuli, na kutembea kunasaidia.

Mwanangu bado anaamini ningeenda Moshi. Ameniambia hivyo mbele ya mama yake, kwa adabu, na hoja yake ya mlango uliofungwa sina jibu lake kamili. Nilimwambia kwamba miaka nitakayoishi, nyingi itakuwa miaka ya kawaida, ya sokoni, msikitini na nyumbani, na ndiyo niliyoipigia hesabu. Ameomba likizo aje Dar wiki ya kwanza ya vikao.