Siku moja maishani mwangu: mazabodi mpya, diski ileile

Saa 11:30 alfajiri nilikuwa kituoni Kimara nikisubiri mwendokasi, na kichwani nilikuwa na kompyuta moja tu. Ni kompyuta mpakato ya mama mmoja wa Mbagala, mtunza hesabu wa kikoba cha wanawake wenzake. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, mazabodi, yaani bodi kuu inayobeba vifaa vyote vya mashine, ikaungua, na hesabu za mwaka mzima zimo ndani ya diski. Kikoba kinavunjwa Jumamosi, wanachama wagawane fedha zao, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Saa 2:00 asubuhi nilifungua meza yangu ya ufundi wa kompyuta Kariakoo. Jioni ya jana yake nilikuwa nimekwisha kufunga mazabodi nyingine, iliyotoka kwenye mashine ya aina ileile ambayo ilichinjwa kwa ajili ya vipuri baada ya kioo chake kupasuka. Kijana wa meza ya jirani alipoona feni inazunguka na taa inawaka, alinishauri nipige Windows upya, yaani niisimike upya juu ya ile ya zamani, kazi iishe kabla ya chai. Kupiga Windows ndiyo dawa yetu mafundi kwa kila homa, na nilipokuwa mwanagenzi niliitumia mno. Lakini diski yenye fedha za watu siigusi kwa namna yoyote kabla sijaitolea nakala.

Kwa hiyo niliichomoa, nikaiunganisha na mashine yangu ya mezani kwa waya wa USB, nikawasha Linux, mfumo endeshi mwingine usio Windows, kutoka kwenye flashi na kuanza kunakili kwa programu ya ddrescue. Diski yenyewe ni ya kuzunguka, ya GB 500, ambayo kwa kawaida huchukua saa moja na nusu hivi. Saa 3:15 umeme ukakatika, mashine ikazima. Sikushtuka sana, kwa sababu ddrescue huandika kwenye faili dogo mahali ilipofikia. Umeme uliporudi nilirudia amri ileile, nayo ikaendelea kutoka pale ilipoachia. Chai na chapati mbili za mama ntilie zilinisaidia kusubiri.

Saa 6:10 mchana nilirudisha diski mahali pake na kuwasha. Kioo kikaniambia kwamba hakuna diski ya kuwashia. Hapo wapo wanaodhani diski imekufa, kumbe kasoro ilikuwa kwenye BIOS ya bodi ngeni, yaani programu ndogo ya bodi inayoiamsha mashine: iliachwa katika hali ya zamani ya Legacy, ilhali Windows ya mama ilisimikwa kwa hali mpya ya UEFI. Hata saa yake ilisoma mwaka 2017. Nilirekebisha yote mawili, nikawasha tena, na sasa kikatokea kioo cha bluu cha BitLocker kikidai ufunguo wa tarakimu 48.

Hili ndilo lililokula mchana wangu. BitLocker ni ulinzi wa Windows unaoifunga diski kwa msimbo wa siri, na katika mashine nyingi chipu ya TPM iliyoko kwenye mazabodi ndiyo inayoifungulia diski mlango kila asubuhi bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha mazabodi, umembadilisha bawabu, na bawabu mpya hamjui mwenye nyumba. Hata nakala niliyoitoa asubuhi ilikuwa imefungwa vilevile. Pasipo ufunguo wa akiba, hakuna ufundi wa Kariakoo wala wa Marekani unaoweza kuifungua.

Nilimpigia mama simu.

“Shikamoo mama. Kuna mtu aliyewahi kukuwekea ulinzi kwenye kompyuta?”

“Marahaba mwanangu. Mimi sijui ulinzi. Aliinunua na kuiandaa mtoto wa kaka yangu, yuko Mwanza.”

Kijana huyo alikumbuka kwamba ufunguo aliuhifadhi kwenye akaunti ya Microsoft aliyomfungulia shangazi yake, nywila hakuikumbuka. Bahati ni kwamba namba ya simu iliyoandikishwa ilikuwa yake, na bado anaitumia. Tuliomba nywila mpya, msimbo ukaingia kwenye simu yake, na ilipofika saa 8:20 alinisomea makundi manane ya tarakimu sita sita. Kwenye kundi la tano niliandika 7 badala ya 1, na mashine ikakataa palepale, kwa kuwa kila kundi lazima ligawanyike kwa 11. Ni mpango wa busara. Angalau hukuonyesha ulipokosea.

Diski ilifunguka, Windows ikaanza kuzunguka, kisha ikaanguka ikisema haioni diski ya kuwashia. Safari hii kosa lilikuwa hali ya kidhibiti cha diski: bodi iliwekwa RAID, na Windows yake ilizoea AHCI. Nikabadilisha, nikaingiza tena tarakimu zote 48, na picha ya wajukuu wa mama ikajaa kioo. Madreva, yaani programu zinazoendesha vifaa vya mashine, hayakuwa na shida, kwa kuwa bodi ni ya aina ileile.

Saa 10:00 alasiri mama alifika. Hakutazama kitu kingine. Alifungua faili la kikoba, akashuka taratibu hadi jina la mwisho, akalinganisha jumla na daftari alilolitoa kwenye mkoba. Zililingana. Wakati akihesabu upya, nilifuta ulinzi uliofungamana na TPM ya zamani na kuuandikisha kwa ile mpya, maana bila hivyo angedaiwa tarakimu 48 kila akiwasha. Kisha nilimchapishia ufunguo kwenye karatasi, naye akaikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la khanga, pale anapofungia nauli.

Nakala yangu ya asubuhi imebaki ndani ya droo. Wakishagawana Jumamosi, nitaifuta.