Jinsi nilivyolizuia gurudumu la nyuzi za kaboni lisichanike kwa kasi

Gurudumu la kuhifadhi nishati linataka kasi kubwa, na kasi hiyohiyo ndiyo inayolivunja. Nilikusudia ukingo wa langu ufike mita 500 kwa sekunde. Kwa nusukipenyo cha sentimita 20, hiyo ni karibu mizunguko 24,000 kwa dakika.

Kwa pete nyembamba, mkazo, yaani nguvu inayovuta kila kipande cha eneo, ni densiti (uzito kwa ujazo) mara kipeo cha pili cha kasi ya ukingo. Chuma cha pua au cha kawaida kingebeba karibu megapaskali 2,000 (kipimo cha mkazo), mzigo unaovishinda vyuma vingi. Nyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa epoksi, gundi inayoganda ikawa ngumu, ni nyepesi karibu mara tano, kwa hiyo hupata 400 tu, ilhali zikivutwa kwa urefu wake huhimili zaidi ya 2,000.

Tatizo liko upande mwingine. Pete nene huvutwa pia kutoka ndani kwenda nje, na upande huo hauna uzi hata mmoja. Epoksi peke yake ndiyo inayoshika, nayo huachia kwenye makumi machache ya megapaskali. Nilikadiria pete ya unene wa sentimita 10 nikapata kama 40. Hapo gurudumu lingebanduka matabaka kama kitunguu, nyuzi zenyewe zikiwa bado na nguvu tele.

Kilichoniokoa ni kwamba mkazo huo hukua kwa kipeo cha pili cha unene: ukipunguza unene kwa nusu, mkazo hushuka hadi kama robo. Kwa hiyo nilisokota pete mbili na kuipachika moja ndani ya nyingine. Ya ndani niliifanya ya nyuzi za kioo, ambazo ni nzito na hunyumbuka zaidi. Kadiri kasi inavyopanda, hutanuka na kuisukuma ya kaboni, hivyo mpaka kati yao hubanwa badala ya kuvutwa. Napenda sana mpangilio huu, maana nguvu inayobomoa inalazimishwa kushikiza.

Kuzipachika ndiko kulikotaka uangalifu. Pete ya chuma ungeipasha moto itanuke. Kaboni haitanuki kwa joto kwa urefu wa nyuzi zake. Nilizichonga kwa mteremko mdogo sana, nikazisukuma kwa presi polepole, macho kwenye geji. Kitovu nacho nilikitengeneza kwa ganda jembamba la alumini linalofunguka na kasi, kwa sababu tundu la pete hutanuka kuliko kitovu kigumu na viwili hivyo huachana.

Majaribio nilifanya ndani ya ombwe (chumba kilichoondolewa hewa), nyuma ya kuta nene za chuma, nikipandisha kasi hatua kwa hatua. Kila hatua nililipima ulinganifu, kwani matabaka yakianza kuachana uzito huhama na mtetemo hukuarifu mapema. Kwenye mita 500 mtetemo ulikuwa uleule wa mwanzo, na kipimo cha mawimbi ya sauti hakikuonyesha ufa. Sasa nasokota pete ya tatu.