Siku ile Nyeri, cucu alipofungua mdomo

Binti yangu amerudi kutoka katekisimu na swali. Wamefundishwa habari za Sista Irene Stefani, mmisionari Mwitaliano aliyekufa kwa tauni baada ya kumuuguza mwalimu mmoja huko Gikondi, Nyeri, na wala hajauliza kuhusu muujiza, ameniuliza hivi: "Mama, kama huyo mwalimu alikuwa na tauni na sista ndiye alikuwa anamwangalia, watu wa kwao walikuwa wapi?" Nikamwambia amalize chai kwanza.

Hilo swali limenirudisha tarehe 23 Mei 2015, uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, siku Sista Irene, ambaye kwetu tunamwita Nyaatha, mama wa huruma, alipotangazwa Mwenye Heri, ile hatua ya kabla ya utakatifu. Tulitoka nyumbani usiku na matatu ya parokia, akina mama wanaimba njia yote, tukafika kumejaa watu na matope, mi nimeshika cucu, nyanya yangu, mkono huku na stuli yake mkono ule mwingine. Maaskofu wakaingia, Kadinali Pengo wa Dar es Salaam akaongoza misa, vigelegele havikuisha. Hayo wengi mliyaona kwa tivii.

Halafu kukatokea ile duara kuzunguka jua. Watu wakaanza kuonyeshana, simu zote juu, mwingine analia, mwingine amepiga magoti hapo hapo kwa matope. Nami nikainua simu, nikamwambia cucu angalia juu, angalia! Hakuangalia. Alikuwa ameinama anakwangua tope kwa kiatu chake na kijiti, pole pole, kuanzia kisigino, na bila kuinua kichwa akaniambia kwa Kikuyu, "Mama yangu alikuwa akimkimbia huyu sista."

Nikashusha simu.

Akasema mama yake, akiwa bado bibi arusi mchanga huko Gikondi, akiona yale mabuti makubwa ya sista yanashuka mteremko alikuwa anajificha shambani, kwa sababu sista akikupata atakuuliza habari ya mgonjwa, ya mtoto, ya ubatizo, na haendi mpaka umjibu. Alikuwa anatembea vijiji vyote kwa miguu. Akina mama wasiojua kusoma alikuwa anawaandikia barua za watoto wao walioenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, na jibu likija anawasomea.

Sasa mama mkwe wa mama ya cucu akaugua. Zamani kwetu mtu akikaribia kufa alikuwa anatolewa nje ya nyumba, anawekwa kichakani na moto kando, maana akifia ndani ni mwiko, nyumba haikaliki tena. Haikuwa ukatili, ndivyo watu walivyojua. Wakamtoa. Mama ya cucu alikuwa na mtoto mgongoni na aliambiwa asikaribie, hakukaribia. Aliyekaribia ni sista. Alimkuta, akaketi naye chini, akampa maji kidogo kidogo, akakaa mpaka akakata roho, na mama ya cucu anaona yote akiwa amesimama nyuma ya migomba.

Hapo cucu akaweka kile kijiti chini akaniangalia. "Huyo aliyetolewa nje, jina lake ndilo hili langu."

Mnajua vile tunarithisha majina, msichana wa kwanza ni mama ya baba. Miaka yote namwita cucu, naandika jina lake kwa fomu za hospitali, sikuwahi jua limetoka wapi.

Nimesoma mengi kuhusu Sista Irene tangu siku hiyo. Alizaliwa Anfo, Italia, mwaka 1891, akafika Kenya 1915, vita ya kwanza ya dunia ikiwa imeshaanza, akapelekwa hospitali za wapagazi, wale vijana wetu waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza wakawa wanakufa kwa kuhara na njaa, Voi, Kilwa, Lindi, Dar. Inasimuliwa kwamba kule Kilwa alienda kumtafuta mgonjwa wake mmoja kati ya maiti zilizorundikwa ufuoni, akampata bado anapumua. Kwa hivyo alipofika Gikondi alikuwa ameshazoea kutafuta walioachwa. Na tauni alijua kabisa ni nini. Aliingia kwa yule mwalimu akijua, ikamshika, akafa tarehe 31 Oktoba 1930 na miaka 39 tu.

Nampenda sana huyu mama, nasema bila kuficha, kila nikipita Nyeri lazima nisimame niombe. Lakini nikiomba huwa namuona pia yule mwingine nyuma ya migomba, na siwezi kumhukumu. Mtoto mgongoni, wazee wamekataza, ningefanya nini? Sista hakuwa na mtoto. Ama labda hiyo si sababu, kwa sababu wako wenye watoto ambao huingia, wauguzi tuliwaona wakati wa Korona.

Mwaka uliofuata kile kifo cha kichakani, mama ya cucu alienda misheni mwenyewe akabatizwa. Nilimuuliza cucu kama ni imani ama ni ile aibu. Alisema hajui, mama yake hakuwahi kusema, na yeye aliogopa kumuuliza.